Shingo ya Mtangulizi

Mimi sina neno na serikali. Hilo nalitanguliza kabla hata ya salamu, maana siku hizi mtu akianza na salamu anaulizwa alikuwa anavuta muda ili apange nini. Naitwa Bi Nyamizi, fundi cherehani, mjane, mkazi wa Bondeni, na haya ninayoyasimulia ni sifa tupu za nchi yetu. Mahali sauti ikitetemeka, mjue ni umri.

Nchi yetu ina bahati kubwa. Wenzetu wa nchi nyingine hawajui wanakokwenda. Sisi tunajua, tumechorewa ukutani. Pale mjini, kwenye ukuta wa benki, Wizara ya Mwelekeo imechora Njia ya Viumbe. Linaanza tope, halafu chura, halafu nyani, halafu raia amebeba kapu, na mwisho kabisa ameketi Mtangulizi wa Taifa kwenye kiti chake. Mbele yake hakuna kitu. Ukuta umeisha.

Aliyegundua Njia hiyo ni Dakta Mwamlima, bingwa wetu wa elimu ya viumbe. Alitueleza redioni kwamba viumbe havigeuki ovyo ovyo kama wanavyodhani wajinga wa ng'ambo. Tangu siku tope lilipotikisika kwa mara ya kwanza, kila chenye uhai kiko safarini kuelekea umbo moja lililopangwa zamani, na hakuna wa kulikwepa. Umbo hilo halina shingo.

Mtauliza kwa nini. Ah, jamani, si mtazame picha ya Mtangulizi! Kichwa chake kimekaa juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Kulikuwa na watu, sasa hawapo, waliosema ule ni unene. Dakta akatufumbua macho: si unene, ni kufika. Shingo, akasema, ni kiungo cha wasiwasi, kiumbe anaitumia kugeuka atazame nyuma. Aliyefika atazame nyuma kuna nini?

Basi mambo yakaenda mbio. Twiga alitangazwa kuwa mkaidi, akafutwa kwenye noti, na wale wa mbugani wakapakiwa kwenye malori vichwa nje, sijui wakapelekwa wapi. Magari nayo yaling'olewa gia ya rivasi, maana kurudi nyuma si desturi ya maumbile. Lori la taka lililoingia uchochoro wetu siku ile liko pale pale mpaka leo, na dereva wake amekwisha kuoa hapa hapa.

Hayo tuliyacheka, kwa ndani. Lililotuingia majumbani ni la arobaini. Tangu enzi za mabibi zetu, mtoto akifikisha arobaini hutolewa nje, hunyolewa, watu wakala wali, wakaenda zao. Wizara haikukataza mila, hapana, ilijialika tu kwenye shughuli. Mtoto akitolewa, anamkuta mlangoni Mpimaji wa Mtaa ameshika kijiti. Anapima shingo ya bibi, anapima ya mama, anapima ya mtoto. Na kila mara nadharia inatimia! Bibi anayo shingo, mama anayo, mtoto hana! Vigelegele vinapasua bati, redio inatangaza kwamba kizazi kipya kimesogea, na Mpimaji anaongezewa nyama.

Sasa mwanamke gani aliyewahi kuogesha mtoto mchanga asijue siri hiyo? Mtoto wa arobaini ni mashavu na mabega. Shingo yake lazima uitafute kwa kidole, utenganishe mikunjo, ufute maziwa yaliyogandia humo. Akianza kukaa ndipo inajitokeza. Tulijua sote, na vigelegele tukapiga sote. Tulikuwa na mmoja tu asiyejua kuogopa, na Mungu akaamua awe mkwe wangu.

Huyo ni Kilindo, mume wa binti yangu Siwema, mwalimu wa shule ya msingi. Kwenye mkutano wa hadhara alisimama, akavua kofia, akasema kwa adabu zake zote: "Mheshimiwa Dakta, watoto wachanga wote shingo zao hazionekani, ila wakikua zinaonekana. Huoni tunachopima ni uchanga, si maendeleo?"

Dakta Mwamlima akatabasamu. "Swali zuri sana," akasema.

Kwetu mtu akiambiwa swali lake ni zuri, ndugu zake huanza kulia papo hapo. Kilindo alipelekwa Shamba la Waliobaki Nyuma. Siwema alikuwa na mimba kubwa. Alihamia kwangu na godoro lake, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza chochote mbele ya Dakta.

Lakini watu wazima nao walitakiwa kusogea. Mwenye shingo ndefu hapati kazi, hapati kiwanja, kwenye foleni ya sukari anasukumwa mwisho. Na Mpimaji anapima juu ya nguo, kwa sababu yule wa kwanza aliingiza mkono kwenye kola ya jirani yangu Mashavu, akatoka na kofi lililosikika hadi sokoni, na Wizara ikaona heshima izingatiwe. Hapo ndipo riziki yangu ilipofunguka. Nikaanza kushona mabega. Ndani nashindilia sufi, juu nafunika kwa kitambaa, mtu akivaa mabega yanapanda mpaka chini ya sikio. Mtaa mzima ukasogea mbele kwa sindano yangu. Bwana Kishindo, Mpimaji wetu wa sasa, alikuja mwenyewe kwa mlango wa uani.

"Bi Nyamizi, mimi sijaja," akasema.

"Sijakuona, Bwana Mpimaji. Unataka bega la kawaida au la sherehe?"

"La sherehe. Na usinibane kwapani."

Taarifa zilipokusanywa nchi nzima, Dakta akatangaza kwamba raia wamesogea kupita matarajio. Ikapangwa Siku ya Kufika. Tukapita uwanjani kwa gwaride, wanaume kwa wanawake, mabega yamepita masikio, wengine wanaona njia kwa shida. Mtangulizi alikuwa jukwaani. Mwanzo alipunga mkono, baadaye mkono ukashuka. Aligeuka huku, akageuka kule, tena aligeuka kwa shingo, wote tuliona. Uwanja mzima hakukuwa na raia aliyekuwa na shingo isipokuwa yeye.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Tulimsikia akimwambia Dakta kwa upole: "Hawa wote wamefika. Mbona mimi bado?"

Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakitaka kurudi nyuma kwa pamoja.

Kesho yake Dakta alikuja redioni na sauti ya mtu aliyekesha. Nadharia haijabadilika, akasema, wala haiwezi kubadilika, kwani mwelekeo ulipangwa tangu enzi za tope. Ila safari ikipangwa, na foleni nayo imepangwa. Anayempita aliye mbele hajafika mapema, huyo amemkosea adabu. Kuanzia leo ni marufuku kwa raia yeyote kuwa na shingo fupi kuliko ya Mtangulizi. Kikakatwa kijiti kipya, upana wa vidole viwili, kipimo cha shingo ya Mtukufu mwenyewe. Kikiingia kati ya sikio na bega, uko nyuma yake, uko salama. Kisipoingia, umempita.

Mabega yangu yalichomwa siku hiyo hiyo, kila mtu kwake, kimya kimya. Watu wazima haikuwasumbua. Walirudi kwangu kutaka kola ngumu za kunyanyua kidevu, na Bwana Kishindo alikuwa wa kwanza mlangoni.

Watoto wachanga ndio waliopimwa bila nguo.

Wa kwanza alikuwa mjukuu wa Mashavu, dume nene la kupendeza. Kijiti hakikuingia. Wakamchukua na shuka lake kwenda Nyumba ya Kungojea, angojee huko mpaka Mtangulizi asogee mbele yake. Mashavu, yule yule wa kofi, alisimama mlangoni mikono inaning'inia. Baada yake wakachukuliwa wengine, karibu kila shughuli. Hajarudi hata mmoja, na serikali imesema hiyo ni dalili njema, kwani taifa letu halirudi nyuma.

Na mjukuu wangu Tunu alikuwa amekwisha zaliwa.

Tunu ni mtoto wa kike, mweusi, mzito, mpole, ana mikunjo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Nikimwogesha naiona arobaini ile inakuja, na vidole vinaniganda majini. Sili, silali, nikisikia gari nafunika beseni kwa kanga kama mwizi. Woga ule siuelezi mkauelewa. Unakula nao, unaoga nao, unashona nao, na mkono unakosea mshono uliouzoea tangu usichana.

Mtaa wetu ukaanza kilio. Wanawake walikuwa wamepata dawa: mtoto akikonda, shingo inatokea. Wakapunguza kunyonyesha. Asubuhi ukipita uchochoroni, nyumba hii mtoto analia, nyumba ile mtoto analia, na akina mama wamekaa vizingitini wamefunga vifua kwa kanga, macho chini, hakuna anayemsalimia mwenzake.

Nikaingia uani, nikamkuta Siwema anakamua maziwa yake mchangani. Tunu yuko mkekani, amelia mpaka sauti imekauka.

"Siwema! Unafanya nini wewe?"

"Mama, niache. Wamebakiza siku chache kuja."

"Mnyonyeshe mtoto."

"Wakimchukua je?"

"Na akifa kwa njaa akiwa na shingo nzuri, hiyo shingo tutampelekea nani? Hebu lete ziwa hapa!"

Akamnyonyesha, huku analia, na mimi nimemshika mabega nalia. Mtoto alinyonya kwa pupa mpaka akapaliwa. Ndipo nikajua kwamba siku ikifika hatutakuwa na dawa yoyote, na Tunu atatoka nje akiwa mnene vile vile.

Siku ikafika. Tulitandika jamvi mbele ya nyumba, tukainjika wali usioliwa na mtu. Kwa kuwa baba wa mtoto ni Kilindo, Wizara iliona vizuri shughuli hiyo itangazwe moja kwa moja redioni, taifa lisikie kwamba sheria haibagui. Dakta Mwamlima akaja mwenyewe, na fundi wa redio, na askari wawili, na gari jeupe lenye kitanda kidogo nyuma. Kile kitanda sikukitazama mara mbili.

Bwana Kishindo alimfunua Tunu kanga. Akaweka kijiti, kikagoma. Akajaribu upande wa pili. Jasho linamtiririka kwenye kola niliyomshonea, nikamsikia ananong'ona, "Inua kidevu, mwanangu, inua kidogo tu, nakuomba." Tunu akapiga mwayo, akalala.

"Matokeo?" akauliza Dakta.

Kishindo akashusha kijiti. "Hakiingii, mheshimiwa."

"Amempita Mtangulizi," Dakta akaliambia taifa, na askari wakasogea. Siwema alimkumbatia mtoto hata nikadhani atamponda. Nilihisi majimaji ya moto yanashuka miguuni, na nasema bila aibu, nilijikojolea. Nikasikia mtu anaongea, kumbe ni mimi.

"Mheshimiwa Dakta, mimi mama mjinga. Naomba kuelimishwa."

Kipaza sauti kilikuwa mbele yake, hakuweza kukataa kunielimisha. "Sema, mama."

"Huyu amepimwa siku ya arobaini yake. Mtangulizi wetu naye, siku ya arobaini yake, shingo ilikuwaje?"

Dakta alitoa leso mfukoni.

Mjue alivyobanika. Akisema Mtangulizi hakuwa na shingo utotoni, basi hii aliyonayo leo imeota baadaye, na Mtukufu amerudi nyuma. Akisema alikuwa nayo, basi alianza kama sisi wabeba makapu. Fundi wa redio akakitazama kile chombo chake kama anatazama nyoka. Nikaona rangi inamtoka Dakta usoni, midomo inacheza, nikatambua kwamba naye anaogopa kama mimi, pengine zaidi. Roho yangu ikapoa kidogo, Mungu anisamehe.

Hata akapata la kusema. Alilisema polepole, macho yamemtoka.

"Mtangulizi hakuwahi kuwa mtoto."

Askari mmoja akapiga makofi, wa pili akafuata, na sisi sote tukapiga mpaka viganja vikauma. Nikasubiri makofi yaishe.

"Ahsante, mheshimiwa, nimeelimika. Basi kama Mtukufu hakupitia utotoni, huyu aliyeko utotoni anawezaje kumpita? Si hawajakutana njiani?"

"Hawezi," akajibu Dakta haraka haraka, anajifuta uso. "Hawezi kabisa! Mtoto hayumo Njiani. Mtoto ataingia Njiani akikua." Akatazama askari, akatazama kipaza sauti. "Hiyo ndiyo nadharia. Tangu mwanzo ndiyo nadharia."

Wakapanda gari jeupe, kitanda kitupu. Kwa kuwa haliwezi kurudi nyuma, lilipita juu ya jamvi letu na sufuria ya wali, likazunguka mji mzima kutafuta njia ya kwenda Wizarani. Siwema akaketi pale pale kwenye wali uliomwagika, akamnyonyesha binti yake.

Kupima wachanga kulikoma. Nyumba ya Kungojea ikafungwa, madirisha yakapakwa rangi ya kijani. Waliokuwemo hawakutajwa. Mashavu anakwenda pale kila asubuhi, anaegemea ukuta mpaka jua liwe kali, kisha anarudi. Akinikuta njiani na Tunu, ananipa nafasi nipite.

Serikali nayo ilichapa kazi. Neno likishatoka redioni, lazima dunia ilifuate. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtangulizi ikaitwa Sikukuu ya Kutokea. Wodi ya wazazi iliyokuwa na jina lake ikageuzwa ghala la saruji. Darasani watoto wakafundishwa kwamba alitokea akiwa na koti.

Alasiri moja nilikuwa nashona sare, mlango ukafunguka bila hodi. Akaingia kikongwe mmoja, kiatu mguu mmoja, buibui limejaa vumbi. Nikamtazama, nikaacha kukanyaga cherehani. Hakuwa na shingo. Kichwa juu ya mabega, chungu juu ya mafiga.

"Wewe ndiye uliyemuuliza Dakta?" akasema.

Mama yake Mtangulizi! Hatukujua hata kama yuko hai. Kumbe walimweka miaka yote kwenye nyumba ndogo nyuma ya ikulu, ana redio yake na paka wake.

"Walikuja kunieleza kwamba sikuzaa," akasema. "Nikawaambia nimezaa, uchungu ulinishika alfajiri, alikuwa mnene hana shingo, mzuri kama mkate. Wakasema niende nao kwenye gari. Nimetokea chooni, mwanangu, kwa dirisha, na umri huu." Akamwona Tunu mkekani, uso ukamlegea. "Huyu ndiye? Nipe nimshike."

Siwema alinitazama. Nilijua ninachopaswa kufanya kwa usalama wa nyumba yangu. Nilijua pia ni neno la kinywa changu lililomfikisha bibi huyu hapa. Siwema akamnyanyua Tunu, akampakatisha.

Hapo hapo, hodi! Bwana Kishindo, na mmoja wa wale askari wawili nje anavuta sigara. "Tunamtafuta mwanamke mzee," akaanza, akamwona. Akaitazama ile shingo isiyokuwepo. Akashika fremu ya mlango.

"Huyu nani, Bi Nyamizi?"

"Mama yake Kilindo," nikasema. "Amekuja kumwona mjukuu wake."

Kilindo mama yake amekufa zamani, na Kishindo ndiye aliyechimba kaburi. Alisimama anahesabu hatari zake, niliziona zinapita usoni. Akisema amemwona mama yake Mtangulizi, amesema Mtangulizi alizaliwa. Akimficha na akagunduliwa, gari jeupe ni lake.

"Hapa pana mama yake Kilindo," akamwambia askari kwa sauti ya juu. "Twende nyumba ya pili." Kisha akanigeukia, akasema chini chini, "Asiongee. Kwa jina la Mungu, mama, asiongee."

Hakuongea. Alimlaza Tunu begani, akamgonga mgongo polepole, akafumba macho, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, sauti yake kubwa kuliko mwili wake, na ndani ya wimbo kuna jina la mtoto anayebembelezwa. Jina hilo nchi nzima inalijua. Limo kwenye noti, limo kwenye wimbo wa taifa, limeandikwa uwanjani kwa herufi ndefu kuliko nyumba.

"Bibi," Siwema akamnong'oneza, "sema Tunu. Usiseme hilo, sema Tunu."

"Ee, Tunu," akaitikia, akaanza upya. Akafika pale penye jina, machozi yakamtoka, likaja lile lile.

Nje walikuwa wangali uchochoroni, nawasikia wanabisha kwa Mashavu. Nikafunga dirisha, nikaketi kwenye cherehani, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote ili kelele zimfunike. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka, na chini yake hakukuwa na kitambaa.